Vidonge Nilivyomeza Nyuma ya Jiko Lako

Yunisi, mdogo wangu,

Usicheke mwandiko. Herufi hizi ni zako. Ulinifundisha kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama hapa Kwashemshi, na mama akatuchapa wote wawili kwa kuchafua ukuta. Wewe ulikuwa umetoka shule, mimi nimetoka kukata majani ya ng'ombe. Nyumba ilikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, akawa wewe. Sikukuonea kijicho hata siku moja. Nakwambia leo kwa sababu ulipokuwa hai sikukwambia.

Uliondoka mahindi yakiwa mabichi, sasa watu wanapanda tena. Kibanda chako cha mihogo pale Mkata mabasi yanaposimama, Tabita amekifunga. Anasema hawezi kusimama mahali mama yake alipoangukia. Mbuzi wako mweupe amezaa wawili, mmoja amekufa. Na mimi bado nipo. Hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika, kwamba mimi bado nipo.

Unaukumbuka ushuhuda wangu. Nani asiyeukumbuka? Kwamba nilianguka shambani, mdomo ukapinda, mkono wa kushoto ukawa si wangu tena, uji unamwagika kifuani kama mtoto. Kwamba akina mama wa kanisa walikuja wakaniwekea mikono, wakaomba mpaka sauti zikakauka, na baada ya siku chache nikanyanyua kikombe mwenyewe. Kweli yote, na Mungu anajua. Lakini katikati pale kuna hospitali, Yunisi. Kuna daktari kijana kule Korogwe aliyenigombeza kama mimi ndiye mtoto wake, akanipa vidonge vya presha, akasema, "Bibi, hivi ni vya kila siku mpaka unakufa." Na hiyo nayo ni kweli.

Mara ya kwanza kusimama kanisani nilisema vyote. Watu wakaitikia Amen ya kukohoa. Jumapili nyingine nikaalikwa mtaa wa jirani, nikaruka hospitali. Wala sikupanga, jua lilikuwa kali na watu wanapiga miayo. Weee! Vigelegele mpaka bati linatetemeka, akina mama wamesimama juu ya mabenchi, mzee mmoja analia kama amefiwa. Nikaonja utamu. Tangu siku ile mdomo wangu haukurudi tena hospitalini. Miguu ndiyo iliyokwenda, kila mwezi, kuchukua dawa.

Ndipo nikaja kwako.

Wewe ulikuwa hukanyagi kanisani tangu ulipomzika mtoto wako wa kwanza. Ulisema, "Huyo Mungu wenu tusalimiane kwa mbali." Na zahanati walikuwa wamekupima presha, wamekupa vidonge vyako, umeviweka juu ya kabati karibu na chumvi. Tulikaa tunamenya muhogo. Nikakupa ushuhuda, ule mtamu. Ukaweka kisu chini. Ukaniuliza, nakusikia mpaka leo, "Dada, hata kidonge kimoja hukumeza?"

Vyangu vilikuwa kwenye pindo la kanga, nimevifunga fundo, vimekaa mapajani mwangu hapo hapo.

Nikasema, "Yesu ndiye kidonge changu."

Ukalia. Nilikuwa sijakuona ukilia tangu msiba wa yule mtoto. Nikakukumbatia na maganda ya muhogo mikononi, moyo wangu unacheza ngoma. Nilidhani nimeshinda.

Asubuhi nikatoka kama naenda chooni, nikazunguka nyuma ya jiko lako, nikafungua fundo, nikameza kwa maji ya ndoo. Ukaita kutoka ndani, "Dada, umetumbukia?" Nikajibu ni tumbo, muhogo wako haukuiva. Ukacheka mpaka ukakohoa. Kicheko chako cha mwisho nilichokisikia bila simu ni hicho. Nilikisikia na dawa bado kooni.

Ukarudi kanisani. Ukanipigia, "Dada, leo nimesimama! Nimesema kama wewe!" Nilikimbia kuwaambia majirani, nikaimba njia nzima. Lakini sikukuuliza kama unameza dawa. Niliogopa na wewe utaniuliza. Wewe uliyesoma ukamwamini asiyesoma, kwa kuwa ndiye aliyekubeba mgongoni.

Tabita alinisimulia. Umetoka kuwauzia abiria wa basi, umeweka sinia chini vizuri, kisha ukalala juu yake. Gari lilipatikana, ila hospitali hamkufika.

Baada ya kuzika, Tabita akaniletea mfuko. Vidonge vyako vya miezi yote, havijaguswa. Akasema, "Mama mkubwa, angalia. Mama alisema wewe ulipona bila hivi, na yeye hatamwonyesha Mungu wasiwasi." Hakunilaumu. Alikuwa ananifariji, Yunisi! Alidhani nitajisikia vizuri kwamba mdogo wangu amekufa na imani.

Na waombolezaji wakaniomba ushuhuda. Nikautoa. Ule ule. Udongo wa kaburi lako haujakauka, nikasema Yesu ndiye kidonge changu, na watu wakapiga vigelegele vya msibani.

Sasa nimeandika. Kama mbinguni mnasoma barua, soma hapo mara mbili.

Ningekaa na hilo mpaka kufa, sikufichi. Mimi ni mwoga kuliko ulivyodhani. Lakini mwezi uliopita Tabita akanipigia. Amepimwa. Presha, kama sisi. Akasema kwa sauti yako kabisa, "Usihofu, mama mkubwa, nitapita njia yenu."

Sikukaa chini. Nikashuka Korogwe, nikapanda basi la Mkata, nikamkuta kwenye nyumba yako anafua. Sikungoja maji ya kunywa. Nikafungua pindo la kanga, nikamwonyesha vidonge, nikamwambia navimeza tangu nilipoanguka, sijaacha hata siku moja, na nilivimeza hapa hapa mama yake akiwa ndani.

Akauliza, "Wapi?"

Nikamwonyesha. Akaenda akasimama pale nyuma ya jiko, povu linamtiririka mikononi, amenipa mgongo. Kisha akasema, "Na kaburini ulisimama ukasema vile." Nikasema ndiyo. Akasema, "Toka kwangu."

Sikutoka kwanza. Nilimwambia, "Nitatoka ukimeza." Akachukua kimoja kwenye dawa zake, akameza bila maji, akanionyesha njia kwa kidole. Nikatoka.

Kwa vile ilikuwa Jumamosi nilitafuta pa kulala, na Jumapili nikaingia kanisani kwenu, pale pale uliposimama wewe. Nikasema Bwana asifiwe, nikasema vyote: mikono ya akina mama, daktari, vidonge, pindo la kanga, wewe. Nikasema Mungu aliniponya, nami nikamwibia nusu ya kazi yake ili nipigiwe vigelegele. Hakuna aliyepiga. Mwinjilisti akasema, "Bibi, muda umetuishia," na saa ilikuwa bado. Mama mmoja akasema kwa sauti, makusudi nisikie, "Muuaji amekuja kuhubiri."

Mlangoni bibi mmoja alinishika kiwiko, akaninong'oneza, "Unavimeza kabla ya chai au baada?" Nikamwambia baada. Akaenda zake.

Kinachonisumbua ni hiki. Ulirudi kwa Bwana kupitia mlango niliouchonga kwa uongo. Je, alikupokea? Nimemuuliza kwa kupiga magoti na kwa kulala kifudifudi. Hajanijibu. Nadhani alikupokea. Wewe ulimtafuta kweli. Mimi ndiye niliyekuonyesha njia nikiwa nimeficha mkono mmoja. Kama kuna deni lolote, anidai mimi.

Mume wa Tabita alinipigia juzi. Anameza, kila asubuhi. Ila jina langu halitajwi nyumbani kwao, na mtoto akiliuliza anatumwa kuchota maji. Nimelipokea. Ameze, anichukie, aishi. Sina ombi lingine juu yake.

Haya, mdogo wangu, mkono umechoka na mafuta ya taa ni kidogo. Usinisamehe haraka, ningoje nije niseme mbele yako. Nakuahidi hivi: sitanyamaza, maana Yesu alinitendea na nitamsema mpaka mdomo upinde tena. Lakini kila nitakaposimama, iwe Kwashemshi au Mkata au popote watakaponiruhusu, nitaanzia nyuma ya jiko lako. Vigelegele wabaki navyo.

Lala, Yunisi. Mgongo wangu bado unakumbuka uzito wako.

Dada yako,
Debora