Matusi Yenye Shikamoo

Jumanne, usiku

Yule kijana wa kijiji cha Mchombe ameandika tena kwenye blogu yangu: "Shikamoo babu. Makala yako ya kupandikiza mpunga ni upuuzi mtupu. Ulilima wapi wewe, ubaoni?"

Binti yangu Agatha anataka nimfungie kabisa. Nilikuwa tayari kufuta. Lakini ameniamkia, na shikamoo haiachwi bila kuitikiwa. Nikaandika "Marahaba," na kwa kuwa nilishaanza, nikamweleza kwa aya sita nafasi inayotakiwa kati ya miche.

"Baba, unamfundisha anayekutukana?"

Ukweli ni kwamba naogopa. Nikimfungia huyu, msomaji atakayebaki ni Agatha.

Jioni likaja jibu: "Aya ya nne ni uongo." Basi, bila salamu. Nikaona sasa nina ruhusa ya kumfungia. Kabla sijabonyeza, likaingia jingine: "Samahani babu, nilisahau. Shikamoo. Ila aya ya nne ni uongo."

Nimeitikia. Nimeisoma upya aya ya nne, na kweli ina kasoro, nitairekebisha kesho.

Nimemuuliza Agatha anaionaje. Kumbe aliishia aya ya pili.