Vifuko Vinne vya Jeli ya Buluu

Ofisi ya Vifurushi, Tinde
Jumanne asubuhi

Dada Salome,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji Ngassa, na kwamba mpwa wangu Blessing anakula vizuri tangu alipotoka wodini. Huku sisi ni mhola, salama tu, ila mimi chakula hakipiti. Nimeacha simu nikashika kalamu, maana kwenye simu ningepata pa kukimbilia.

Unajua kazi yangu ya kupokea vifurushi vinavyobadilisha basi. Tangu Januari, kila Jumanne lilipita kwangu boksi jeupe la ubaridi kutoka Shinyanga kwenda huko kwenu Bugarama, limeandikwa Ghati, duka la dawa. Hilo halikunisumbua. Lililonikera ni kwamba kila Alhamisi boksi lilirudi bila dawa, ndani vifuko sita tu vya jeli ya buluu. Kondakta Chacha aliniambia vinarudi kugandishwa upya, dawa zisipate joto. Nilimcheka. Mtu wa Bugarama, penye dhahabu, alipie nauli ya uji wa buluu? Nimeona dhahabu ikisafiri ndani ya betri ya redio na ndani ya mkate, dada, mimi si wa kudanganywa. Hata Chacha nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Kila Alhamisi nilivibonyezabonyeza, hadi siku moja nikagusa kitu kigumu.

Nilifunga mlango nikavichana vinne kwa wembe, nikachuja jeli kwa chujio la chai. Kile kigumu kilikuwa donge la jeli tu, kikalainika kiganjani mwangu. Nikamwaga yote chooni. Wenye dawa wa Shinyanga walipouliza vifuko vingine viko wapi, nikasema huenda Ghati anaviuza.

Jumanne iliyofuata boksi lilikuja jepesi, lina vifuko viwili. Nililibeba mwenyewe, nikajua ubaridi hautatosha, nikanyamaza. Siku hiyo basi liliharibika Kahama, likakaa juani mpaka alasiri.

Juzi ulinipigia ukilia. Ukasema insulini haikumsaidia Blessing, sukari ikapanda hadi akazirai, na kwamba Jumamosi unampeleka Ghati kwa mtendaji wa kata kwa kuuza dawa mbovu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yako ya kwanza kunitajia duka lake. Nikajua ni boksi lile, na bado nikakujibu kwamba yule mama si wa kuaminika.

Dada, Ghati hana kosa. Aliyeiharibu dawa ya Blessing ni mimi. Chupa zote za boksi lile zitupwe. Ukishindwa kunisamehe nitaelewa, lakini usimwaibishe mtu kwa kosa langu. Jumamosi nitakuwa hapo mapema, nikaseme mwenyewe mbele ya mtendaji.

Vifuko vinne vipya nilivipeleka Shinyanga jana vikagandishwe. Leo boksi limerudia uzito wake, na barua hii naiweka ndani, juu ya dawa. Bahasha sikuifunga. Itafika kwa Ghati kwanza, naye ana haki ya kuisoma kabla yako.

Msalimie shemeji. Blessing mwambie mjomba anakuja.

Mdogo wako,
Theonest