Moyo wa Uji

Muthetheni,
12 Julai 2008

Kwako Shangazi Nzisa,

Huku tuko salama, na mbaazi zimekauka vizuri.

Shangazi, nilikudanganya. Mwaka jana kwenye kongamano la sayansi sikuwa mgonjwa. Nilijifungia chooni hadi zamu yangu ikapita.

Mwaka huu nilisimama. Nilieleza kwamba ng'ambo watafiti wanajaribu kuchapisha misuli ya moyo kwa mashine, wino wao ukiwa chembe hai, safu juu ya safu, vile mama anasuka kiondo. Nikaonyesha kwa bomba la sindano na uji mzito. Safu ya nne ikabomoka. Wavulana wakapiga kelele, "Daktari wa Uji!" Lakini nilianza tena kutoka chini.

Sikushinda. Nilipofika nyumbani, mdogo wangu Ndunda akaniuliza, "Huo moyo utakuwa tayari nikifika darasa la nane?" Siku hizi akitoka kisimani anapumzika mara tatu. Daktari anasema moyo wake umechoka.

Sikutaka kudanganya tena. Nikamwambia, "Sijui. Hakuna mtu ameweza bado."

Akanisukumia taa. "Basi soma."

Ndiyo maana barua yangu ni fupi.

Mpwa wako,
Kamanthe