Araksi, Mwanao Hakungoja Umalize

Shoga yangu Araksi,

Nakuandikia Kiswahili, lugha uliyoijua neno moja tu, "kula", kwa kuwa nilikuwa nakwambia kila siku. Walikupeleka Beirut kukuzika, kwa hiyo hapa Jeddah sina hata kaburi la kukaa nalo nikagomba. Na leo nataka kugomba.

Arobaini yako niliifanya kwangu, hapa mtaani Ghulail. Pilau nilipika mwenyewe, na sisemi kwa kujisifu, lakini jengo zima lilishuka kwa harufu. Rahma wangu, daktari wa meno, ndiye aliyemleta Vahe wako kutoka Riyadh kwa gari yake. Siku nzima njiani! Nani mwingine ana binti kama huyo? Jirani yetu Sevim akashuka na unga wa semolina, akasema kwao Uturuki mtu akifa hupikwa halua, na kila aliyempenda hushika mwiko akaikoroga. Nikaikoroga kwa ajili yako. Vahe hakuigusa.

Watu walipokwisha kula nikamwambia, "Mwanangu, mama yako kaniachia sauti yake kwenye simu. Ni habari za bibi yako, walivyofukuzwa na Waturuki kwao Ayntab enzi za Uthmania, ninyi Waarmenia mtaa mzima, kwa miguu." Uso ukamfunguka. Nikaiwasha. Akasikiliza kidogo, akauliza, "Mbona Kituruki?"

Mbona Kituruki! Hajui kwamba bibi yake hakuwa na lugha nyingine ya kulilia? Kwamba wewe ulitaka kuyasema kama ulivyoyasikia kwake? Nikamwambia Sevim atatufasiria. "Mturuki hatanisimulia mimi bibi yangu," kasema. Na Sevim naye, badala ya kunyamaza, akaanza, "Ilikuwa vita, mwanangu. Kila mtu aliteseka."

Araksi, nilipandwa na hasira! "Sevim, hukuulizwa habari za kila mtu. Umeulizwa huyu anasema nini!" Lakini Vahe keshasimama, anatafuta viatu. Sauti yako inaendelea kwenye simu, pale juu ya sinia, na mimi nikasikia umelitaja jina lake. Yeye hakusikia. Kaufunga mlango, basi, halas.

Wamenichosha. Miaka yote ile mlikunywa kahawa kwangu, wewe na Sevim. Mwanzo hamkutazamana hata kidogo, mimi nipo katikati kama ukuta, namsifu Rahma, namsifu tena, mpaka mkaanza kusemezana ili mimi ninyamaze. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe!

Mama yangu mimi alitoka Unguja wakati wa mapinduzi, akafa hajanieleza lolote waliloliona. Angesema hata kwa Kichina, ningemtafuta Mchina nimpikie biriani. Huyu wako kaachiwa kila kitu, anatafuta viatu.

Sevim alirudi asubuhi. Hakukaa. "Iwashe," akasema. Akasikiliza yote: pale pa askari, pa kisima, pa yule mtoto mchanga aliyeachwa njiani. Akanifasiria taratibu. Habari za kila mtu hakuzitaja tena. Nikamwuliza, pale alipomtaja Vahe alisema nini? Akajifuta macho kwanza.

"Anasema: Vahe, najua umeshasimama. Kaa chini, mwanangu, bado sijamaliza."

Nilicheka, shoga. Halafu sikuweza kucheka tena. Ulimjua mwanao mpaka huko.

Simu zangu hapokei. Basi Ijumaa Rahma atatupeleka Riyadh, mimi na Sevim, mpaka mlangoni kwake, mtaa wa Al-Malqa, kwenye majumba yale ya kengele na kamera. Sevim kaahidi kufasiri neno kwa neno, asitie lake. Nami nakuahidi wewe: nitaanzia pale ulipomwambia akae. Asipofungua mlango, nitaiwasha pale pale barazani, kwa sauti kubwa, mpaka mtaa wote ujue ana mama.

Lala, Araksi. Pilau naibeba.

Shoga yako,
Mama Rahma