Kaseti ya Roki Juu ya Dagaa wa Bangwe

Kaka Hamisi, shikamoo.

Huku Bangwe upepo wa ziwa unanuka dagaa, nami nimeshanenepa kwa migebuka, samaki wa huku. Kaseti yako ya roki, ile unayojivunia kwamba bendi zake hazijulikani na mtu, niliipiga jana uani niwaelimishe watu kama ulivyoniagiza. Mzee Bahati, mkimbizi wa Uvira, Kongo, aliyepanga chumba cha pili, alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, magitaa yakikwaruza na kijana akilalamika. Kisha akauliza, "Huyu mutoto, naye walimuchomea nyumba?" Nikamwambia hapana, kaachwa na mchumba tu. Akasema, "Pole yake," akaomba tuweke dansi.

Leo asubuhi nimeikuta kaseti yako imeshapewa kazi. Kwa mikwaruzo ile, mama mwenye nyumba alidhani imeharibika, akauvuta utepe wote na kuufunga kwenye miti juu ya dagaa walioanikwa, kama wafanyavyo huku kufukuza kunguru. Unametameta kweli!

Usinune, kaka. Tuma nyingine, ya zamani au mpya, maana kunguru wameshaanza kuizoea hii, na ndio mashabiki pekee uliowapata Kigoma.

Nakukumbuka kila nikishika tonge,
mdogo wako Rehema