Kikombe ya maziwa ya Madame

Emérita, weka sufuria chini usome. Koko Nyirabahire, bibi yangu, ametoka kunielezea kitu, bado siamini.

Ni miaka ya makumi tano, hapa Muheto. Koko musichana, anatafuta kuchunga watoto kwa Madame mumoja Musuisi mwenye kutengeneza fromage, ile jibini. Nyumbani walikuwa wanangojea pesa ya ile kazi. Watoto walijua Kijerumani tu, basi Madame akamufundisha: der Mann, mwanaume; die Kuh, ng'ombe; das Kind, mutoto. Ich njo mimi, du njo wewe, nein njo hapana, er njo mwanaume, sie njo mwanamuke. Kichwa ikamuchoka, lakini akashika.

Siku ya kumupima, Madame akamupeleka kwa ng'ombe za papa ya koko, Sebarenzi, na wachungaji wake. Akamuonyesha kidole: "Du! Kamua!"

Kamua! Mwanamuke! Kwetu ni mwiko!

Koko akajibu polepole: "Ich, nein. Er." Akaonyesha papa yake. Madame akafikiri somo haikuingia. "Du!" Tena "Du!" Kisha akachuchumaa, akakamua mwenyewe.

MWENYEWE, Emérita. Wachungaji wakageuza macho.

Akamupa koko kikombe: "Isipokunywewa, kazi hakuna."

Koko akaishika tu. Maziwa yenye imekamuliwa na mwanamuke, nani kwetu angeikunywa?

Papa Sebarenzi njo alikamata ile kikombe. Akakunywa yote mbele yao, akapangusa mudomo.

"Mwambie maziwa iko muzuri. Kesho uende kwa kazi."

Madame akapiga makofi.

Koko akafanya ile kazi mpaka akaolewa. Na wale wachungaji, toka siku ile, hawakumuita tena papa yake kwa pombe.