Wanaiita Mvua ya Hamisi

Jumamosi, baada ya alasiri. Jua limewaka tangu asubuhi na matope ya barabarani yameanza kukauka na kunuka. Nina njaa, lakini leo sitoki tena nje.

Niandike tangu mwanzo, maana hapa Bagamoyo sasa yanasemwa mengine kabisa.

Kazi yangu ni kutazamia mvua. Bomani kuna chombo cha kupimia mvua na kingine cha kupimia uzito wa hewa, na kila asubuhi napigiwa simu kutoka bara naambiwa huko kumenyesha vipi. Nikishayaweka pamoja hayo yote, ndipo nasema kama radi inakuja au kama mto utajaa.

Mwezi uliopita Tatu aliolewa. Mimi nilimposa mwaka jana, baba yake, Mzee Shomari, akanikatalia kwa kuwa sina ukoo wa kutajika mjini. Harusini sikualikwa. Lakini siku ile uzito wa hewa ulikuwa umeshuka tangu alfajiri, upepo ulikuwa umekufa, na simu ikasema bara kunanyesha kwa radi. Bibi harusi alikuwa apelekwe kwa mumewe, Zinga, kwa lori. Njiani kuna korongo, kavu siku zote, mbuzi hulala humo. Mvua ikipiga bara, maji hushuka humo ghafla hata kama huku pwani jua linawaka.

Niliona haya, lakini nilikwenda.

Mzee Shomari alikuwa barazani na wageni wake. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Umefuata pilau?"

Nikamweleza. Nikamwomba walale mjini, waondoke kesho yake. Akatazama juu. Juu yetu kulikuwa kweupe.

"Nilikukatalia binti," akasema kwa sauti ya kufika uani, "leo wewe unataka kunikatalia harusi?"

Watu wakacheka. Huko ndani wanawake wakapiga vigelegele vya kunizomea. Tatu alikuwa huko huko ndani. Lazima alisikia.

Lori lilizimika katikati ya korongo. Dereva anasema walisikia mngurumo wakadhani ni gari jingine linakuja nyuma yao. Kisha maji yakashuka, mekundu, yamebeba magogo. Tatu alivutwa na shemeji yake kwa nguo za harusi. Mama yake, Bi Mwanaidi, alionekana kesho yake kwenye mikoko, hina bado imekoza mikononi.

Nilikwenda mazikoni. Nikampa Mzee Shomari shikamoo mbele za watu. Hakuitikia. Nilipopita karibu na mlango wa uani, Tatu akachungulia, macho yamevimba, akaniuliza neno moja.

"Umeridhika?"



Tangu siku hiyo mji mzima umepata jibu lake. Alijuaje, wanasema, kama si yeye aliyeiita mvua? Wanaiita mvua ya Hamisi. Dukani natupiwa bidhaa mezani, nisiguse mkono wa mtu. Msikitini nikisimama safuni, wa pembeni yangu anasogea.

Basi juzi simu ikalia tena. Mvua kubwa milimani, radi mfululizo, na mto Ruvu unapanda. Makurunge kuna watu wamehamia mabondeni kulinda mpunga wao, wanawake na watoto, vibanda vyao vipo karibu kabisa na maji.

Nilikaa na ile habari mkononi kama kaa la moto. Kisha nikamwendea Bwana Idi, bwana shamba wetu.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Waambie wapande juu leo hii. Sema ni amri yako."

"Kutazamia mvua ni kazi yako, Hamisi. Kwa nini niseme mimi?"

"Wakisikia jina langu watabaki ili kunikomoa."

Akachukua baiskeli yake.

Walipanda. Kabla hakujapambazuka mto ulikomba bonde lote. Vibanda, mpunga, hata njia ya kwendea huko haipo. Hakufa mtu.

Leo asubuhi niliwakuta watu wa Makurunge sokoni wamemzunguka Bwana Idi, wanamshika mikono, wanamwombea dua. Yeye akaniona, akafungua kinywa aseme. Nikamtikisia kichwa. Mwanamke mmoja akageuka kuona anamtazama nani. Mgongoni alikuwa na mtoto amelala, mdomo wazi.

Akatema mate karibu na miguu yangu.

"Safari hii umetukosa," akasema.

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini mvua za mwaka huu bado hazijaisha, na Bwana Idi wanamsikiliza.

Nikapita, nikarudi nyumbani, nikafunga mlango. Kesho nitakwenda bomani kupima kama kawaida. Nikiona kitu, nitamtafuta Bwana Idi mapema, wakati barabara bado haina watu.